Meza Mbili Zilizotazamana

Kabati lilikuwa limefungwa vizuri, ufunguo ulikuwa ndani ya kopo lake la biskuti, na pete haikuwemo.

Inspekta Zbyněk Koutný aliinama akachungulia tena, kama mtu anayekagua sufuria akitumaini nyama imejificha chini ya ukoko. Rafu ilikuwa tupu. Palikuwa na alama ya duara kwenye vumbi, pana kama sinia, basi.

"Hiyo pete ni ya dhahabu?" aliuliza.

"Ya chuma," alijibu Mkurugenzi Hruška. "Chuma kisichoshika kutu."

"Sasa nani aibe chuma?"

Hruška hakucheka. Alikuwa amejifunga skafu ndani ya ofisi yake mwenyewe, na kila alipoongea mvuke ulimtoka mdomoni. Mji mzima wa Habřinov ulikuwa hivyo hivyo. Joto la mji lilikuja kwa bomba kutoka kituo cha nyuklia cha Kamenka, na Kamenka kilikuwa kimezimwa tangu kiangazi ili wabadilishe bomba kubwa lililo karibu na kinu. Pete hiyo ilikatwa kutoka mwisho wa bomba hilo jipya. Wakaguzi kutoka mji mkuu, Praha, walikuwa waje, waifunge kwenye mashine, waivute mpaka ikatike mbele ya macho yao, ndipo watie sahihi kwamba chuma ni chuma kweli. Bila pete hakuna jaribio. Bila jaribio hakuna kibali. Bila kibali redieta za ukutani zinazopasha nyumba za Habřinov joto zingeendelea kuwa baridi kama pua ya mbwa.

"Nimewatangazia watu kwamba Alhamisi tunawasha," Hruška alisema. "Alhamisi, Bwana Inspekta. Nimesema redioni."

"Kwa nini msikate nyingine?"

"Tukate bomba lililokwisha kuchomelewa? Bora uniambie nikate mguu wangu nipime kiatu."

Koutný alitazama miguu yake mwenyewe. Mlangoni walikuwa wamemvua viatu wakampa sapatu za wageni, na visigino vyake vilining'inia nje kama mikate iliyozidi kikapu. Sajini wake, Radka, alikuwa amepiga magoti akimulika sakafu kwa tochi. Sakafu ilikuwa imepakwa nta Ijumaa jioni, na juu ya nta kulikuwa na nyayo pana, laini, zisizo na meno ya soli.

"Sapatu, afande," Radka alisema. "Mwizi alivua viatu kwanza."

"Mwizi mwenye adabu."

"Mwizi wa humu humu."

Mtaalamu wa uchunguzi alichukua alama za vidole kwenye kabati, akarudi akitikisa kichwa. Kila mfanyakazi wa maabara ile alikuwa ameligusa. Hata kopo la biskuti lilikuwa na vidole vya wote, maana zamani lilikuwa na biskuti kweli.

Koutný alianza na yule aliyetoka wa mwisho Ijumaa. Aliitwa Drahomíra Vaculová, mhandisi mwandamizi wa mikazo, mwanamke mrefu aliyekaribia kustaafu, nywele zake amezikata mwenyewe bila kioo. Kila bomba lililowekwa Kamenka, yeye ndiye aliyelipigia hesabu. Koutný alimwomba amweleze kazi yake kwa lugha ya polisi. Yule mama alichukua kibanio cha karatasi mezani, akakikunja mbele, akakikunja nyuma.

"Chuma nacho huchoka," alisema. "Kazi yangu ni kujua kitachoka lini, na kuhakikisha siku hiyo hakuna mtu amesimama karibu."

Hakukikunja mpaka kikatike. Alikinyoosha, akakirudisha kwenye droo.

"Ijumaa ulipotoka, pete ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Uliiona?"

"Nilijua ipo."

"Sikuuliza kama ulijua."

"Basi niliiona."

"Ulienda wapi baada ya hapo?"

"Nyumbani."

"Kuna mtu anaweza kuthibitisha?"

"Kuna kabichi," alisema. "Nilikuwa nakata kabichi."

Koutný aliandika kabichi. Baadaye sana ndipo angekumbuka kwamba watu wa hesabu hawajui kudanganya vizuri. Wakitaka kukuficha jambo, wanakupa jibu la kweli la swali lingine.

Meza ya Drahomíra ilitazamana na meza ya Mhandisi Oldřich Pešat, karibu kiasi kwamba vikombe vyao vya chai vingeweza kugongana. Pešat alikuwa mfupi, mpole, na alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Kila alipoulizwa swali alitazama kwanza redieta, kana kwamba jibu lingetoka huko.

"Mmekaa hivi maisha yenu yote?" Koutný alimuuliza. "Mnaongea nini?"

"Uyoga. Wajukuu wa dada yake. Mgongo wangu."

"Na kazi?"

"Kazi, hapana."

Pešat alimweleza taratibu. Mmoja anapiga hesabu, mwingine anahakiki. Mhakiki anachukua michoro mibichi, anaanza upya kwa mkono, kwa njia yake, bila kuchungulia na bila kuuliza. Wakishamaliza wote ndipo wanaziweka hesabu ubavu kwa ubavu. Zikikubaliana, kila mmoja anagonga muhuri wake wa duara, ule ambao mhandisi hupewa kwa kiapo, akiupoteza ni kama amepoteza jina. Kabla ya hapo ni mwiko kusemezana.

"Tukisemezana, kosa la mmoja linakuwa la wawili," alisema. "Basi tumezoea. Kazi hatuigusi mdomoni."

"Na zisipokubaliana?"

"Mimi na Draha?" Pešat alitazama redieta. "Draha hakosei."

Hati za upekuzi zilipatikana siku ya pili, na wakazunguka nyumba za wote waliojua kopo la biskuti. Mvua ilikuwa ya kuudhi, ile isiyonyesha wala kuacha. Walipofika kwa Drahomíra, mwisho wa mtaa, Koutný alikuwa ameshapekua viatu na viazi vya watu hadi akachoka, na alikuwa na mkate wenye nyama ya kukaanga ndani ya karatasi, bado wa moto. Alimwambia Radka atangulie, yeye anakuja. Hakwenda. Alikaa garini, vioo vikaota ukungu, akala.

Radka alirudi akijikung'uta maji. "Vitabu, afande. Chini kwenye sela, kile chumba cha ardhini, kuna baiskeli, viazi na pipa la kabichi. Mama wa watu anavaa koti ndani ya nyumba, ananitia huruma."

Akampa ripoti ya upekuzi. Koutný aliiweka gotini, akatia sahihi mahali pa afisa aliyeshuhudia kwa macho yake, akaacha na alama ya dole gumba lenye mafuta.

"Si utasoma?" Radka aliuliza.

"Umeandika wewe, nisome nini?"

Siku zikapita, pete haikuonekana. Alhamisi ya Hruška ilikuja ikaenda bila joto. Shule zikafungwa, wazee wakahamia kulala jikoni, na kila Koutný alipoingia dukani mtu alikuwa na neno. Muuza nyama alimuuliza kama pete imepatikana, maana wangependa kujua harusi ni lini. Koutný alicheka ilivyompasa, akanunua soseji, akatoka amekunja mabega.

Alikwenda nyumbani kwa Pešat kwa jambo dogo tu: kumuuliza tena nani alizoea kulifungua lile kopo. Mlango ulipofunguliwa alipigwa na joto usoni. Karibu asahau kuvua viatu.

Sebuleni, juu ya kochi, chini ya mablanketi, alikuwa Ludmila, mke wa Pešat, aliyetolewa hospitali majira ya kuchipua akiwa nusu ya alivyoingia. Mwili ulikuwa umeisha lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Keti, Bwana Inspekta," alisema. "Hapa ndipo Afrika. Wengine wote wako ncha ya dunia."

Pembeni yake hita ya umeme iliwaka nyekundu, imevishwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono ili isimuunguze mtu.

"Hita nzuri. Mmenunua wapi? Madukani zimekwisha."

"Ya Draha hiyo. Ameileta mwenyewe, kaibeba kifuani kama mtoto. Na supu analeta kila siku."

"Na yeye anaota moto wapi?"

"Eti haoni baridi. Draha huyu huyu anayevaa soksi za sufu mwezi wa saba, katikati ya kiangazi."

Koutný alinyoosha mikono kwenye moto. "Mtu mwema. Alileta lini?"

"Jumatatu ile. Asubuhi, kabla hajaenda kazini. Mimi hata meno sijapiga mswaki."

Jikoni kijiko kilianguka. Pešat alikuja mlangoni, sahani mkononi, uso mweupe kama hiyo sahani. "Ludmila," alisema, "mwache Bwana Inspekta anywe chai."

Koutný alikunywa chai yake polepole. Jumatatu asubuhi hakuna aliyejua pete imepotea. Hruška alilifungua kabati karibu na saa sita mchana. Asubuhi ile mji mzima ulikuwa unangoja Alhamisi kwa furaha, watu wakiambiana wavumilie kidogo tu, joto linarudi. Mtu gani anabeba hita yake ya pekee kumpelekea mgonjwa, wakati joto liko njiani?

Mtu anayejua haliko njiani.

Alimpigia Radka simu, wakakutana mwisho wa mtaa. Safari hii mvua ilikuwa mbaya zaidi, na safari hii alishuka garini.

Drahomíra alifungua akiwa na koti, kofia na glavu. Ndani ya nyumba mlikuwa na baridi kuliko nje. Alisogea awapishe, na Koutný akakwaa kitu mlangoni, akakishika kidole cha mguu akisonya. Lilikuwa jiwe la mtoni, la mviringo, laini kama tako la mtoto, limezuia mlango wa sela usipigwe na upepo. Aliinama kulisogeza. Lilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi mabegani. Akalinusa.

Kwa mama yake Koutný kulikuwa na jiwe kama lile. Lilitoka kwa bibi yake, na kabla ya hapo kwa mama wa bibi. Kila mwaka majani yakianguka, kabichi inakatwa nyembamba, inatiwa chumvi, inashindiliwa pipani, inafunikwa ubao, na juu ya ubao linakaa jiwe, ili kabichi izame kwenye maji yake ichachuke. Binti akiolewa, dada zake wanaweza kumgombania mashuka, lakini jiwe wanalinunia miaka. Hakuna mwanamke wa Habřinov anayelifanya kizuizi cha mlango, labda pipa lake liwe tupu, na Radka alikuwa amesema lina kabichi.

"Mama Drahomíra," alisema, "kabichi ya mwaka huu imekubali?"

"Bado changa."

"Mimi naipenda changa. Nionjeshe."

Aliwasha taa ya sela akatangulia yeye. Koutný alishuka nyuma yake akiinamisha kichwa, na kila ngazi ilimkumbusha kwamba ameshatia sahihi kuwa alikwishaiona. Viazi vilikuwepo. Baiskeli ilikuwepo. Pipa lilikuwepo, limefunikwa kitambaa safi. Radka alikiondoa.

Juu ya ubao palikaa kitu cha duara, kimefungwa kwa nailoni tabaka juu ya tabaka, ncha zimebanwa kwa utepe kwa unadhifu wa muuguzi anayefunga jeraha. Kilikaa pipani kama kilichongwa kwa ajili yake.

"Chumvi ingeiharibu," Drahomíra alisema. "Ndiyo maana nimeifunga. Nambari iko juu, msiigeuze."

"Umeiiba, halafu ukailinda isiharibike?"

"Ni sampuli," alisema, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba yai ni yai.

Koutný alihisi furaha ikimpanda mwilini kama joto. Alimsomea onyo lake: anatuhumiwa kwa wizi, ana haki ya kunyamaza, atakalosema litaandikwa. Kisha akatoa simu ampigie Hruška.

"Piga," Drahomíra alisema. "Una haki. Ila niulize kwanza. Pale Kamenka unamjua mtu?"

"Shemeji yangu. Fundi wa vali."

"Upande gani?"

"Nijuaje? Kushoto, nafikiri. Ni nini?"

Drahomíra alivua glavu zote mbili, ile ya kulia akaivaa mkono wa kushoto kwa nguvu. Kidole gumba cha glavu kikasimama mahali pasipo na kidole, kimelegea kama pembe ya mbuzi mgonjwa.

"Kituo kina pande mbili," alisema. "Zimejengwa kama viganja viwili, kila kimoja kivuli cha mwenzake. Bomba la kulia nililipigia hesabu zamani. Walipobadilisha la kushoto, nilichukua hesabu ile ile nikaigeuza kwenye kompyuta. Kila kitu kiligeuka. Egemeo moja halikugeuka."

"Egemeo?"

"Mahali bomba linapoegemea. Bomba likipata moto hurefuka, kwa hiyo tunaliachia nafasi ya kusogea. Nafasi hiyo nimeiweka upande usio wake. Wamejenga kama nilivyochora. Likipata moto litasukuma kule ambako kuna chuma, na ungio la kuchomelea litajikunja. Likipoa litanyooka. Likipata moto tena litajikunja." Alivua glavu. "Umeniona na kile kibanio."

Pipani kabichi ilitoa povu moja, likapasuka.

"Litakatika?" Radka aliuliza.

"Si siku ya kwanza. Siku ambayo wote wameshasahau."

Koutný aliirudisha simu mfukoni. Siku zote hizi alikuwa akikimbilia kuuletea mji joto, na kumbe alikuwa akikimbia na kiberiti.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilimwomba Hruška muda, tuliguse egemeo lile. Akauliza sababu. Nikasema ni kuboresha tu. Akaniambia nikaboreshe likizo yangu."

"Ungesema ni kosa."

"Langu peke yangu ningelisema siku ile ile, nikawakabidhi na muhuri. Nimeishi bila mume, nitaishi bila muhuri." Sauti yake ilibaki sawa lakini mikono ilikuwa inaigeuza glavu ndani nje, nje ndani. "Chini ya muhuri wangu kuna wa Oldřich."

"Si alihakiki?"

Drahomíra aliketi kwenye ngazi ya sela.

"Ludmila alikuwa hospitali, kwenye mashine. Oldřich anashinda huko, analala kwenye kiti. Karatasi zinamngoja. Siku moja alipita ofisini na koti lake, hakuketi, akaniuliza, Draha, iko sawa? Mtu huyu hajawahi kuniuliza swali hilo maisha yake yote. Nikamwambia iko sawa. Akagonga muhuri."

"Kwa hiyo hakupiga hesabu kabisa."

"Aliniamini mimi. Hilo ndilo kosa lake lote. Nikisema, watamnyang'anya jina na miezi miwili imebaki astaafu, na huenda wakamfunga. Na Ludmila je? Nikinyamaza, bomba. Nikakaa Ijumaa ile mpaka wote wametoka. Nikaona bila pete hawawashi. Nitapata muda wa kumsukuma Hruška mpaka akubali, na Oldřich asijue kitu."

"Ukaona bora mji wote ugande."

"Niliona hilo. Nililipigia hesabu. Nikajua Ludmila naye atapata baridi, ndiyo nikapeleka hita."

"Hita moja haigawanyiki mji mzima, mama."

"Ndiyo maana siwashi chochote," alisema Drahomíra.

Hapo ndipo alipoomba jambo moja. Asingependa Oldřich alisikie kutoka kwa polisi au redioni. Angependa alisikie kutoka kwake. Kanuni hazikuruhusu. Koutný alizifikiria kanuni, akafikiria na mkate wenye nyama ya kukaanga, akasema twendeni.

Kabla ya kutoka Koutný alipanda, akalichukua lile jiwe mlangoni, akaliosha kwenye karo la jikoni kwa maji yaliyomng'ata vidole, akashuka tena, akaliweka juu ya ubao mahali ilipokuwa pete. Radka alilifunika pipa kwa kitambaa chake. Kabichi haina kosa.

Pešat aliwafungulia kabla hawajagonga. Walivua viatu, wote wanne wakasimama sebuleni kwa soksi mbele ya Ludmila kama watoto waliovunja dirisha. Soksi za Drahomíra zilikuwa pea mbili, moja juu ya nyingine.

"Oldřich," alianza, "lile egemeo la upande wa kushoto..."

"Nafasi iko upande usio wake," Pešat alimalizia.

Hita ililia kidogo.

"Tangu lini?" Drahomíra aliuliza.

"Tangu Ludmila aliporudi nyumbani. Yeye analala, mimi nimekaa jikoni, nikasema ngoja nihakiki sasa, japo nimechelewa. Nilitaka tu nijisafishe roho. Nikaanza upya, kwa mkono, kama inavyotakiwa." Alitazama redieta, ikawa haina la kumsaidia, akamtazama yeye. "Nikaliona."

"Kiangazi chote umekaa mbele yangu."

"Na wewe umekaa mbele yangu."

"Mimi nimeliona mwezi uliopita tu. Kwa nini hukuniambia?"

"Kazini hatuongei kazi," alisema Pešat. Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Ningekuambia, ungejua sikuhakiki. Wewe uliyekuwa ukisema hakuna mhakiki kama mimi. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo. Halafu wewe unaniuliza mgongo unaendeleaje, na mimi nasema unaendelea vizuri. Pete ilipopotea, usiku ule nililala usingizi wa kwanza tangu kiangazi. Nilijua ni wewe, Draha. Nilipoiona tu hita, nikajua. Nikakuacha uubebe mzigo peke yako."

Koutný alikuwa na maswali yake tayari, ya kipolisi. Hakuyahitaji. Drahomíra ndiye aliyeuliza lile moja lililobaki.

"Kama nisingeiiba. Ungesema kabla hawajawasha?"

Pešat alifungua mdomo. Alikuwa na muda wa kutosha kusema ndiyo. Nje mvua ilipiga kwenye bati la dirisha, ikaacha, ikapiga tena.

"Sijui," alisema.

Alikwenda kwenye koti lake lililotundikwa mlangoni, akatoa muhuri wa duara kutoka mfuko wa ndani, akauweka mezani karibu na kikombe cha chai. Drahomíra akatoa wake, akauweka ng'ambo ya kikombe. Mihuri ikakaa imetazamana.

"Izimeni hiyo hita," Ludmila alisema.

"Utapata baridi," walisema wote wawili pamoja.

"Mnaona? Hesabu zenu zinakubaliana sasa." Alijivuta akaketi, blanketi likamwanguka begani, na Pešat hakuthubutu kumrekebishia. "Mmoja ananiletea moto, mwingine ananinywesha supu, mmenitia katikati kama mto wa kochi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi nilikuwa kwenye mashine, sikuwa nimekufa. Mngeniuliza, ningewaambia semeni." Akamgeukia Koutný. "Bwana Inspekta, mahabusu kuna joto?"

"Kuna joto, mama. Wana mtambo wao wenyewe."

"Basi mtangulizeni huyu aliyelala bila hita. Huyu mwingine aniandalie chai kwanza."

Drahomíra alilia hapo. Si kule kwenye sela, hapo.

Koutný alimpigia Hruška kutoka barazani. Hruška alianza kwa kushangilia, akaishia kwa kunong'ona. Kazi ya egemeo ingechukua wiki kadhaa, na pete ingesubiri. Redioni angesema nini? Koutný alimwambia aseme ukweli. Hruška akauliza, ukweli upi, na Koutný akakata simu.

Pešat alitoka na koti lake, chai ameshaipeleka, jirani ameitwa aje akae na mgonjwa. Aliingia gari la Koutný bila kuambiwa. Drahomíra alikuwa tayari kwenye kiti cha nyuma cha gari la Radka, mikono magotini. Radka alikuwa amewasha kipasha joto, naye Drahomíra alikuwa ameufungua mlango nusu ili baridi iingie. Koutný aliufunga mlango ule taratibu kutoka nje, kama unavyofunga chumba cha mtoto.

Halafu alibaki amesimama mvuani.

"Radka. Ile ripoti ya upekuzi wa nyumba yake."

"Nilishaipeleka faili, afande. Yenye dole gumba lako."

"Itoe. Andika nyingine. Andika kwamba wewe uliingia peke yako. Mimi nilikuwa garini."

"Watakuuliza ulikuwa unafanya nini garini."

"Andika nilikuwa nakula."

"Nikiandika hivyo, afande, hutoki salama."

"Najua."

Aliufungua mlango wa mbele, akakumbuka kitu, akamgeukia tena.

"Na kabla sijatia sahihi," alisema, "nisomee. Neno kwa neno."